Deni la City Hall huanza siku ya kusoma bajeti

Februari 2025, malori ya taka ya Kaunti ya Nairobi yalimwaga mzigo wake mlangoni mwa Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power. Kampuni hiyo ilikuwa imekata umeme katika ofisi za kaunti, ikidai zaidi ya shilingi bilioni 3. City Hall, makao ya serikali ya kaunti, ikajibu kwamba mdaiwa hasa ni Kenya Power: nguzo na nyaya zake zimepita kwenye ardhi ya kaunti bila ada kulipwa, na ada hizo zimefika bilioni 4.9. Uvundo ulidumu muda mfupi, wakubwa wakaketi wakaelewana, na nchi ikahamia kwa habari nyingine.

Taka zilisahaulika upesi kuliko zilivyostahili. Hapo palikuwa na taasisi mbili za umma, kila moja ikimdai mwenzake mabilioni, bila daftari moja ambalo zote mbili zilikuwa zimelikubali. Ongeza kwenye foleni hiyo mamia ya wanakandarasi, wauzaji wa dawa na vifaa, mawakili, mifuko ya pensheni, mamlaka ya kodi KRA na Serikali ya Kitaifa yenyewe, ndipo utapata sura ya vitabu vya Nairobi.

Kufikia mwisho wa Juni 2025, takwimu za Msimamizi wa Bajeti zilionyesha bili ambazo kaunti zote 47 hazijalipa zikizidi shilingi bilioni 170. Nairobi peke yake ilibeba zaidi ya bilioni 80, karibu nusu. Mgao wa Nairobi kutoka Hazina ya Kitaifa ni karibu bilioni 20 kwa mwaka, na mapato ambayo kaunti ilijikusanyia yenyewe mwaka wa fedha wa 2023/24 yalikuwa takriban bilioni 12.5. Hata City Hall ingeamua kutolipa mshahara hata mmoja, isinunue dawa wala mafuta ya malori, ikapeleka kila shilingi kwa wadai, ingechukua zaidi ya miaka miwili kumaliza deni hilo.

Maelezo yanayopendwa mitaani ni mawili: wizi na urithi mbaya. Yote yana ukweli, na tutayarudia. Lakini hayatoshi kueleza kwa nini bili mpya huzaliwa kila mwaka, hata mwaka ambao makusanyo yamepanda. Sehemu kubwa ya deni la Nairobi haihitaji mwizi. Inatengenezwa kihalali, hadharani, na wataalamu wa fedha wakiwa na kikokotoo mkononi, katika wiki za kuandaa bajeti.

Sheria inataka bajeti ya kaunti ilingane: matumizi yasizidi mapato. Kwa desturi kazi huanzia upande wa matumizi. Mishahara haiguswi. Ahadi za gavana zinaingia. Wadi 85, kila moja ina diwani anayetaka barabara, taa na zahanati. Hospitali zinaomba, zimamoto wanaomba, bunge la kaunti nalo lina bajeti yake. Ukijumlisha, pengo linatokea. Mgao wa kitaifa haubadiliki, kwa sababu umepangwa na Bunge. Mkopo hauwezekani bila dhamana ya Serikali ya Kitaifa na idhini ya bunge la kaunti, hivyo ndivyo Kifungu cha 212 cha Katiba kinavyosema. Namba moja tu inabaki inayoweza kuvutwa: makisio ya mapato ya ndani. Basi inavutwa hadi pengo lizibike kwenye karatasi.

Ndiyo maana lengo la karibu bilioni 20 limekuwa likirudi miaka ya karibuni ilhali kapu halijawahi kulikaribia. Mwaka wa 2014/15, enzi za Gavana Evans Kidero, kaunti ilikusanya takriban bilioni 11.5. Chini ya Mike Sonko makusanyo yalishuka hadi kama bilioni 10, na mwaka wa 2019/20, pamoja na mtikisiko wa korona, yakaanguka chini ya bilioni 9. Chini ya Johnson Sakaja yamepanda tena, yakavuka bilioni 12 na kuweka rekodi. Hongera zilitolewa, na zilistahili. Hata hivyo lengo la mwaka huo wa 2023/24 lilikuwa karibu bilioni 20. Tofauti ya zaidi ya bilioni 7 haikuwa maneno matupu. Ilikuwa tayari imegawanywa kwa idara, imetangaziwa zabuni, na kazi nyingine zimeshafanywa. Ukumbuke pia mfumuko wa bei. Bilioni 12.5 za 2024 hazinunui lami na mishahara ambayo bilioni 11.5 zilinunua 2015. Kwa thamani halisi, mapato ya jiji yameshuka katika muongo ambao majengo yalikuwa yakichipuka Kilimani na Kileleshwa kila kona.

Sasa fuata bili moja kutoka mwanzo. Idara ya afya inahitaji vifaa vya shilingi milioni 3. Afisa wa ununuzi anaingia kwenye IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali, anaangalia kifungu cha matumizi, anakuta kina salio, na LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, inatoka. Hapo ndipo penye tundu. Mfumo unaangalia salio la bajeti, hauangalii pesa zilizoko benki. Ikiwa bajeti ilijengwa juu ya bilioni 20 na zinakuja 12, mfumo utaruhusu LPO za bilioni 20 bila kulalamika. Muuzaji anapeleka bidhaa, anasainiwa hati ya kupokelea, kamati ya ukaguzi inathibitisha idadi na ubora, ankara inaingia, vocha inaandaliwa. Kisha kaunti inaomba idhini ya Msimamizi wa Bajeti ili pesa zitoke kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti ulioko Benki Kuu. Kila hatua ina meza, na kila meza ina mtu anayejua thamani ya saini yake.

Pesa zikifika, foleni haifuati tarehe. Mishahara inatangulia, na Nairobi imekuwa ikivuka ukomo wa asilimia 35 ya mapato uliowekwa na kanuni za 2015. Baada ya hapo yanakuja makato, umeme, mafuta, bima ya wafanyakazi, kisha wale wenye amri za mahakama, kisha wale wenye namba ya simu ya mtu mkubwa. Miradi ya maendeleo huambulia masalio. Mgao wa Hazina nao huchelewa. Si ajabu fedha za Mei na Juni kuingia mwaka wa fedha ukiwa umekwisha.

Usiku wa Juni 30 mfumo hufungwa. Bili ya milioni 3 ambayo haikulipwa haihami yenyewe kwenda mwaka mpya. Lazima ipangiwe kifungu upya. Isipopangiwa, haiwezi kulipwa kihalali hata pesa zikiwepo. Wakati huo bajeti mpya imeshapitishwa na miradi yake mipya, madiwani wameshaahidi, na hakuna mwanasiasa aliyewahi kupigiwa makofi kwa kulipa barabara iliyowekwa lami na mtangulizi wake. Bili inasukumwa nje, inaongezwa kwenye orodha, na orodha inaitwa urithi.

Kwa muuzaji mdogo, kusubiri huko kuna bei kamili. Chukua aliyepeleka vifaa vya milioni 3. VAT ya asilimia 16 juu yake ni 480,000. KRA haimngojei City Hall alipe. Kodi inadaiwa kwa tarehe ya ankara au ya kupeleka bidhaa, na taarifa yake huwasilishwa KRA ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Atatoa VAT aliyolipa aliponunua, lakini baki lazima alipe kutoka mfukoni, kwa pesa ambazo hajapokea. Asipolipa, riba na faini zinaanza, na cheti cha kuonyesha hana deni la kodi kinakataliwa. Bila cheti hicho haruhusiwi kuomba zabuni nyingine ya serikali. Kama alichukua mkopo wa benki kwa kuweka LPO dhamana, tuseme kwa asilimia 2 kwa mwezi, miezi 18 ya kusubiri inakula 1,080,000. Faida yake yote imekwisha, na mtaji umeguswa. Akibahatika kupata kazi tena, bei atakayoandika itakuwa imebeba miezi hiyo 18 ndani yake. Hivyo kaunti inayochelewa kulipa hununua kila kitu ghali kuliko wengine, na ughali huo unaongeza deni. Wasioweza kusubiri wanatoka sokoni. Wanaobaki ni wenye mitaji mikubwa na wenye watu wa kuwasukumia vocha.

Kwa lugha rahisi, wanakandarasi ndio benki ya City Hall. Katiba ilifunga mlango wa mikopo holela, kaunti ikapitia dirishani.

Anayechoka anaenda mahakamani, na hapo pia kuna ngazi ndefu. Sheria inakataza kukamata mali ya serikali kwa ajili ya deni, na kinga hiyo inazihusu kaunti pia. Huwezi kutuma dalali akachukue magari ya City Hall. Ukishinda kesi unaomba hati ya mahakama inayothibitisha kiasi unachodai, unamkabidhi afisa anayehusika na fedha, unasubiri. Asipolipa unafungua ombi jingine la kumlazimisha atekeleze wajibu wake. Akikaidi hilo, unaomba aadhibiwe kwa kuidharau mahakama. Kwa kawaida tishio la gereza ndilo linalofungua mkoba, lakini kufikia hapo kunaweza kuchukua miaka, huku riba ikiongezeka kila siku.

Mawakili wamelielewa hili kuliko mtu yeyote. Madai ya ada za kisheria dhidi ya Nairobi yametajwa hadharani kuwa zaidi ya bilioni 20, kiasi kinacholingana na mgao mzima wa mwaka kutoka Hazina. Inawezekanaje? Ada ya wakili hukokotolewa kwa kutazama thamani ya kinachogombewa. Kesi ya kiwanja cha mabilioni katikati ya jiji inaweza kuzaa ada ya mamilioni mengi hata kama kazi yenyewe ilikuwa majibu machache na vikao kadhaa. Kaunti isipojitokeza kupinga mahesabu hayo mbele ya msajili, kiasi kinapita kama kilivyoandikwa, kisha kinabeba riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Ada ya milioni 100 iliyosahauliwa kwenye faili huongezeka milioni 14 kila mwaka bila mtu kuigusa. Wakati wote huo kaunti ina idara yake ya sheria, yenye wanasheria wanaolipwa mshahara. Hapa neno wizi halihitaji kung'ang'anizwa; uzembe peke yake unatosha kufilisi.

Urithi nao upo. Kaunti zilipoanza Machi 2013, mabaraza 175 ya zamani yalivunjwa, na Nairobi ikachukua vitabu vya lililokuwa Baraza la Jiji. Ndani yake mlikuwa na makato ya wafanyakazi yaliyokatwa kwenye hati za mshahara lakini hayakufika kwenye mifuko ya pensheni ya LAPTRUST na LAPFUND, pamoja na kodi za mishahara ambazo KRA haikuzipata. Mbinu hii ni ya kale na haijafa. Mshahara ghafi unaandikwa kamili, mfanyakazi analipwa kilichobaki baada ya makato, na makato yenyewe yanatumika kuziba shimo jingine la mwezi huo. Mifuko inatoza riba. Mfanyakazi anastaafu baada ya miaka 30, anakwenda kuomba haki yake, anaambiwa mwajiri hakuleta michango. Ni deni lisilo na wakili mkali wala mwanasiasa nyuma yake, kwa hiyo hubaki mwisho wa foleni.

Upande wa mapato, hadithi kubwa ni ardhi. Katiba inazipa kaunti kodi chache za kwao, na kodi ya ardhi ndiyo nono kuliko zote kwa jiji kama Nairobi. Kwa miaka karibu arobaini ilitozwa kwa daftari la uthamini la mwanzoni mwa miaka ya 1980, ingawa sheria ya zamani ilitaka daftari lipitiwe angalau kila miaka 10. Kila thamani ilipobaki nyuma, kaunti ilipandisha kiwango badala ya kuthamini upya, na baada ya 2013 kikafika asilimia 34 ya thamani ya ardhi tupu.

Weka namba uone kasoro. Kiwanja kilichothaminiwa 200,000 wakati ule kililipa 68,000 kwa mwaka. Kingine, ambacho zamani kilikuwa pembezoni penye mashamba, kiliandikwa 20,000. Chenyewe kililipa 6,800. Leo cha kwanza huenda kinauzwa milioni 60, na cha pili, kwa sababu barabara kubwa imekipitia, milioni 40. Kwa kiwango kilichopendekezwa pamoja na daftari jipya, asilimia 0.115 ya thamani ya sasa, cha kwanza kingelipa 69,000, karibu sawa na zamani. Cha pili kingepanda hadi 46,000, karibu mara saba. Sasa unaelewa kwa nini daftari jipya lililoandaliwa 2019 lilipata maadui wengi. Walionufaika na daftari bovu ni wenye ardhi iliyopanda thamani haraka, na hao hawakosi njia ya kufikisha sauti zao ngazi za juu.

Kuna jingine ambalo hata wapangaji wengi hawalijui. Kodi hiyo hutozwa kwa ardhi tupu, bila kuhesabu jengo. Ghorofa 15 zenye nyumba 90 na bangaluu ya mzee mmoja, kwenye viwanja vya ukubwa na thamani sawa, hulipa sawasawa. Ghorofa hizo zinatumia barabara, maji taka na malori ya taka mara nyingi zaidi.

Hata kiasi hicho hakilipwi. Takwimu zilizotolewa na kaunti yenyewe zimeonyesha kwamba takriban mwenye kiwanja mmoja kati ya watano ndiye anayelipa. Sababu ya kiutendaji iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuuza ardhi Nairobi: cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi kinahitajika unapohamisha umiliki. Usipouza, hakuna siku utakayokutana na kaunti. Mmiliki anayekula kodi ya nyumba miaka 20 bila mpango wa kuuza hana kinachomsukuma kulipa. Silaha zipo. Kaunti inaweza kushtaki, inaweza kuweka zuio kwenye hati ya ardhi, na inaweza kuwaagiza wapangaji wailipe kaunti moja kwa moja badala ya mwenye nyumba mpaka deni liishe. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouma, na ndiyo inayotumika kwa nadra, kwa sababu orodha ya wadaiwa wakubwa ina majina ambayo hakuna karani anayetaka kuyabandikia notisi.

Badala yake kaunti imezoea msamaha wa riba. Adhabu ya kuchelewa ni asilimia 3 kwa mwezi, yaani 36 kwa mwaka. Anayedaiwa 50,000 kwa mwaka mmoja na kuiacha miaka kumi anakuta riba ya 180,000 juu ya mwaka huo mmoja tu. Kisha gavana anatangaza: lipeni deni la msingi, riba yote inafutwa mkilipa kabla ya tarehe fulani. Foleni zinajaa, pesa zinaingia, televisheni zinakuja. Msamaha wa namna hii ungefanywa mara moja katika kizazi ungesafisha vitabu. Ukirudiwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, mwenye akili anajifunza kutolipa. Aliyelipa kila Januari kwa wakati amelipa sawa na aliyengoja, na mwenzake pesa zake zilikuwa zikizaa benki. Mavuno ya msamaha huonekana makubwa mwaka ule, na lengo la mwaka unaofuata hupandishwa kwa kuyatazama, kana kwamba madeni ya zamani yanaweza kukusanywa mara mbili.

Mabadiliko ya mifumo yamechangia pia. Mwaka 2014 kaunti ilihamia malipo ya kielektroniki kupitia JamboPay. Mkataba ukafika mwisho 2019, na kukawa na kipindi cha kubahatisha. Februari 2020 Sonko alitia saini kuhamishia kazi kadhaa za kaunti kwa Serikali ya Kitaifa, likazaliwa shirika la NMS la kuziendesha, chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi, na KRA ikapewa ukusanyaji. Baada ya uchaguzi wa 2022 kazi zikarudi City Hall na mfumo mwingine ukashika. Kila uhamisho una tatizo moja lisilotajwa kwenye hotuba: salio la kila mlipaji. Rekodi zisipohama kwa usahihi, aliyelipa 2018 anaonekana anadaiwa, anabeba risiti kutoka ofisi moja hadi nyingine, na ambaye hakulipa anaonekana msafi. Migogoro ya salio huwapa wote wawili sababu ya kusubiri. Leseni moja ya biashara iliyounganisha zimamoto, afya na matangazo, iliyoletwa na utawala wa Sakaja, ilikuwa hatua nzuri kwa sababu ilipunguza milango ambayo mfanyabiashara hukutana na mkono ulionyooshwa. Bado inategemea rekodi zilezile.

Kila gavana mpya huanza kwa kuunda kamati ya kuhakiki bili. Uhakiki unahitajika. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipopitia bili za kaunti zote hadi Juni 2018, alikuta kama bilioni 89, na katika hizo takriban bilioni 51 ndizo zilizokuwa na nyaraka za kutosha. Zilizobaki zilikosa LPO, mkataba au ushahidi wa kazi kufanyika. Kwa hiyo bili hewa zipo, tena nyingi. Tatizo ni kwamba uhakiki umekuwa maegesho. Kamati inakaa, ripoti inatoka, bili zinazokubaliwa hazipangiwi pesa, na zilizokataliwa haziendi kwa wapelelezi wa DCI wala tume ya kupambana na ufisadi, EACC, kwa wingi unaotarajiwa. Uchaguzi unakuja, gavana anaondoka, kamati nyingine inaundwa kuzihakiki zilezile. Kupungua kwa deni kunakotokana na kuhamisha bili kutoka safu ya halali kwenda safu ya zisizokubalika kusihesabiwe kama malipo.

Uingereza, baraza la jiji la Birmingham lilipokiri Septemba 2023 kwamba haliwezi kusawazisha hesabu zake, lilitoa notisi ya kisheria iliyosimamisha matumizi mapya yasiyo ya lazima. Makamishna wakaletwa, mali zikauzwa, na mwaka 2024 kodi ya makazi ikapandishwa kwa karibu asilimia 10. Ni dawa chungu, na wakazi waliinywa bila kupenda. Kenya haina kitu cha namna hiyo kinachojifyatua chenyewe. Kifungu cha 225 cha Katiba kinamruhusu Waziri wa Fedha kuzuia hadi nusu ya fedha za kaunti inayokiuka sheria vibaya, na kushindwa kulipa madeni kwa wakati ni mojawapo ya makosa hayo. Lakini kuzuia pesa kwa anayeshindwa kulipa ni kuwaadhibu wadai mara ya pili. Kwa hiyo kaunti yetu haifilisiki rasmi, inazidi tu kuchelewa.

Kinachoweza kubadilisha mambo ni cha kuchosha na hakina utepe wa kukata. Makisio ya mapato ya ndani yafungwe kwenye wastani wa makusanyo halisi ya miaka mitatu iliyopita, pesa za msamaha zikitolewa kwenye hesabu hiyo. Gavana akitaka kuongeza, fedha za ziada ziingie kwa bajeti ya nyongeza zikishaonekana benki. Hili litakata bajeti ya Nairobi kwa bilioni kadhaa kwa siku moja, na madiwani watapiga kelele. Kelele hizo ni nafuu kuliko riba.

LPO itolewe kwa kuangalia mpango wa fedha wa robo mwaka, si salio la kifungu peke yake. Orodha ya bili zilizohakikiwa ichapishwe ikiwa na tarehe ya ankara, kiasi na nafasi kwenye foleni, na zilipwe kwa mpangilio huo. Anayeruka foleni aonekane. Hatua hii haigharimu chochote, na ndiyo itakayopingwa zaidi, kwa maana uwezo wa kuamua nani alipwe leo ndiyo mamlaka yenye faida kuliko nyingine zote katika jengo lile.

Halafu kuna madeni kati ya serikali na serikali. Serikali ya Kitaifa inamiliki ardhi kubwa Nairobi na inatakiwa kulipa mchango badala ya kodi ya ardhi. Kaunti inasema inadai mabilioni. Wakati huohuo kaunti inadaiwa na KRA na mifuko ya pensheni. Pande hizi zikikaa mbele ya Mkaguzi Mkuu, zikakubaliana namba moja na kukatana, sehemu ya deni ingeondoka bila shilingi kuhama. Kinachozuia ni kwamba kila upande unahofia namba ya kweli, na kisa cha Stima Plaza kilionyesha mazungumzo hayo huanza vipi yasipopangwa.

Kuhusu ardhi, sheria mpya ya kitaifa ya kutoza kodi ya ardhi ya 2024 imechukua nafasi ya zile kuukuu. Kaunti itumie nafasi hiyo kufunga mlango wa misamaha ya jumla, ipunguze adhabu ya asilimia 3 kwa mwezi iwe kiwango kinachoweza kulipika, kisha isiifute kwa mtu yeyote. Adhabu ndogo isiyosameheka humsukuma mlipaji kuliko kubwa ambayo kila mtu anajua itafutwa. Ianze na majengo mia moja yenye deni kubwa, wapangaji wake waandikiwe notisi, bila kujali jina lililoko kwenye hati.

Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti ifikapo Aprili 30, na vikao vya kusikiliza wananchi hufuata. Wengi huenda na ombi la taa ya mtaa au karavati. Yeyote atakayepata kipaza sauti na aulize kuhusu ukurasa mmoja: jedwali la mapato ya ndani, safu ya makusanyo halisi ya mwaka uliopita kando ya lengo la mwaka ujao. Tofauti ya safu hizo mbili ndiyo kiasi cha bili ambacho kaunti inajiandaa kutolipa, na afisa wa fedha aliyekaa pale mbele anaijua hadi shilingi ya mwisho.